Kazi ya Ndege

Murhula alikuwa amelala chali chini ya tumbo la ndege, akilisugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia bati, simu ilipoanza kulia mfukoni. Aliiacha ilie. Ikanyamaza, ikaanza tena. Mtu anayepiga mara mbili mfululizo kutoka Buffalo ama amefiwa ama ni Kataliko, kaka wa mke wake, na misiba yote ya ukoo ule hupitia kwa wanawake kwanza. Basi alikuwa Kataliko.

"Beau-frère! Uko wapi?"

"Niko kazini," alisema Murhula, na papo hapo akatamani kulivuta lile neno kwa mkia kabla halijafika Buffalo.

"Ku ndege?"

"Chini ya ndege."

"Aaah!" Kataliko alicheka kwa furaha ya mtu aliyesogezewa sahani. "Bon, sikiliza. Nimewaachia kazi yao. Ile kiwanda ya Tonawanda, na mashine yao yenye inapiga kelele mpaka naisikia mu kanisa, nimewaambia kwaheri. Nimewaambia shemeji yangu ananingoja ku ndege."

"Mi nakungoja?"

"Si lazima mutu aite na mudomo. Mi niko mwalimu, nasoma hata kitu haijaandikwa. Nyumba tumeirudisha kwa mwenyewe. Vitu tunapakia wiki hii. Donc siku ya posho unanipeleka mbele ya bakubwa bako."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi ya watu wa Bukavu. Murhula alijaribu kuketi. Alikuwa amesahau yuko wapi, na paji lake la uso likaligonga bati la ndege kwa mlio mzito uliozunguka hanga lote. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakageuka.

"Uko salama, Mo?" aliuliza mmoja wao. Hapo hangani aliitwa Mo. Hayo mengine ya jina lake yalikuwa yakiwashinda.

"Salama," alijibu kwa Kiingereza, mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine kwenye simu. Kisha akamwambia Kataliko neno alilokuja kulijutia kuliko maneno yote aliyowahi kuyasema kwenye simu. "Karibu."

Habari yenyewe ilikuwa imenenepa njiani. Hapa Louisville, Nzigire, mke wa Murhula, aliwaambia akina mama wa kwaya kwamba mume wake anasaidia kutengeneza ndege, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Kornelia, mdogo wake Nzigire anayekaa Reynoldsburg, kule Columbus, aliipokea habari hiyo akiwa kwenye foleni ya duka. Akaona "anasaidia" ni unyenyekevu wa shemeji yake, akauondoa. Columbus ikapata fundi wa ndege. Ilipofika Buffalo, Murhula alikuwa mkubwa wa hanga zima, ana funguo zake, anaajiri na kufukuza.

Ukweli ni kwamba Murhula hakuwa na ufunguo hata wa choo. Choo kilikuwa wazi siku zote.

*

Hanga hilo lilikuwa makumbusho ya ndege za zamani, pembezoni mwa Louisville. Kila Jumamosi wazee wastaafu walikuja kuzirudishia ndege hizo sura zao. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mizigo, ya injini mbili, iliyoundwa Buffalo wakati wa vita vikuu, na wazee walikuwa wameipenda kama watu wanavyompenda bibi mkorofi. Mkubwa wao, kama kulikuwa na mkubwa, alikuwa Delbert, fundi bomba mstaafu. Ndiye aliyeiletea familia ya Murhula sofa na vitanda walipofika Amerika. Siku moja, akiwa amekuja kuangalia kama sofa bado inakalika, alimwambia Murhula: "Kule kwenye ndege tunahitaji mikono."

Murhula hakuuliza habari ya mshahara, na msimcheke haraka. Mtu aliyekulia Kivu hamwulizi mkubwa habari ya mshahara siku ya kwanza. Kule, mwalimu au muuguzi mpya huitwa nouvelle unité. Anafika kazini kila asubuhi, anafundisha, anachoma sindano, anavaa tai, ila mshahara hana mpaka serikali imtambue na kumwingiza kwenye malipo. Siku hiyo ikifika, husemwa amemekanizwa, na majirani huja kula. Wengine humekanizwa nywele zikiwa zimeshageuka rangi. Wengine huzikwa wakiwa bado wapya.

Basi Murhula alikuja hangani na tai, kama nouvelle unité yeyote mwenye adabu. Delbert aliitazama ile tai, akaitoa kwa upole shingoni mwake isije ikanaswa na keekee, akaitundika kwenye msumari. Murhula akaanza kuwahi kufika na kuchelewa kuondoka. Aliwasalimu wazee wote kwa mikono miwili. Alisifu kahawa, nayo ilikuwa mbaya kiasi cha kumtoa mtu machozi. Baridi ilipoingia, aliona ameonyesha bidii ya kutosha. Akamfuata Delbert, akasimama wima, akauliza ni lini wakubwa watamwingiza kwenye mshahara.

Delbert aliwaita wenzake waje wasikie. Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukalia gurudumu. Si kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyomcheka ndugu. "Hakuna anayelipwa hapa, Mo," Delbert alisema akijifuta macho. "Mimi nalipa niwe hapa. Kila mwaka natoa ada."

Murhula alicheka nao. Alicheka kuliko wote, kama mtu aliyejigonga kwenye mlango wa kioo watu wanamwona. Kisha akaenda garini, akakaa humo mpaka vioo vikaingia ukungu, akiutazama ujinga wake kutoka kila upande: tai, mikono miwili, na sifa zote zile alizoimwagia kahawa.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Angeulizwa kwa nini, asingejua aanzie wapi. Katika bohari la Jeffersontown, alikofunga maboksi kuanzia Jumatatu, aliitwa "wewe hapo". Boksi lilipita mbele yake, akalifunga, likaenda, asijue limefika kwa nani. Hangani alikuwa na kiti chake. Alianza asubuhi na bati jeusi kama sufuria ya msibani, na jioni aliiona pua yake humo ndani. Tena wazee walimsubiri amalize hadithi zake, hata zile alizokwamia katikati kwa kukosa Kiingereza.

Lakini nyumbani, mke wake alipouliza kama wamemmekaniza, alisema: "Bado. Bananiangalia kwanza."

*

Siku ile ya simu, Nzigire alikuwa akisonga bugali Murhula aliporudi. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Kaka amekupigia?" Aliuacha mwiko, akampigia mumewe makofi mawili ya furaha. "Papa Aganze, leo nimemuona Mungu!"

"Ngoja kwanza, mama."

"Nitangoja nini? Ameteseka yule. Alifundisha mpaka akazeeka, bila mushahara. Akafika huku, bakamupa mashine ya kusukuma. Sasa anapata kazi ya heshima mu mikono ya mutu wake."

"Mais mi mwenyewe sijamekanizwa."

"Utamekanizwa! Mukiwa babili, mutawauliza kwa nguvu. Mutu mumoja banamuzoea." Akamsogelea. "Na hii ku kipaji iko nini?"

"Ndege."

"Ndege imekupiga?"

"Mi njo nimeipiga."

Alimkanda kwa kitambaa cha maji moto, akimwonea huruma kwa sauti, na kila neno la huruma lilimwuma Murhula kuliko uvimbe wenyewe. Nzigire alifanya kazi katika nyumba ya wazee; kutwa nzima alikuwa akiwageuza, akiwaosha, akiwavika. Kama angetaka kumwambia ukweli, ndio ulikuwa wakati, yeye ameinama, ana kitambaa, ana upole. Murhula alifungua kinywa.

"Kesho usiifunike," Nzigire alisema, akiupapasa ule uvimbe. "Waone kanisani vile unateseka."

Akakifunga.

Kesho yake kanisani uvimbe ulionekana. Mchungaji akamwita mbele. Alisema ndugu yetu huyu anafanya kazi bila malipo akiitazama kesho ya watoto wake, basi tuombe Bwana aguse mkono wa wakubwa wake, watie sahihi. Watu wakamzunguka. Mikono ikamwelemea kichwani na mabegani, mmoja ukatua juu ya uvimbe wenyewe na kukaa hapo. Mzee wa kanisa mwenye sauti nene akaiamuru roho ya ucheleweshaji itoke katika hanga lile, itoke sasa hivi. Murhula aliwafikiria Delbert na wenzake na kahawa yao, roho ikitoka mbio katikati yao. Akasema amina kwa sauti kuliko kanisa zima. Watu walidhani ni imani. Kumbe mkono ulikuwa umemkandamiza penyewe.

Huko nje mama mmoja alimvuta pembeni. Mwanawe ana akili ya mashine, amkumbuke. Murhula akaahidi kumkumbuka. Kufikia hapo uongo wake ulikuwa umeshajua kutembea wenyewe, wala hakuhitaji kuushika mkono.

*

Kataliko alifika Ijumaa na lori la kukodi, mke wake Veridiana, watoto, magodoro, na friji ambayo kila mtu alikuwa amemwambia aiache. Walilala wengi sebuleni. Asubuhi alitoka bafuni amevaa suti aliyofungia ndoa.

"Beau, kule ni mafuta na vumbi," alisema Murhula.

"Mafuta yatanikuta nimesimama vizuri."

Garini, Murhula alianza mara ya kwanza walipoingia barabara kuu. "Beau, iko kitu."

"Najua. Bananiangalia kwanza. Mi nilikuwa nouvelle unité tangu we bado unanyonya, utanifundisha nini?"

"Hii iko tofauti kidogo."

"Kila mukubwa anasema ya kwake iko tofauti."

Murhula akaipita njia ya kutokea. Ikabidi azunguke. Akajipa moyo, akaanza tena, akaipita mara ya pili.

"Unapotea njia ya kazi yako?" aliuliza Kataliko.

"Niko nawaza."

"Njo bukubwa huo," Kataliko alisema, akaegemea kiti, ameridhika.

Delbert alimpokea mgeni kwa mikono miwili. Tabia hiyo alikuwa ameambukizwa na Murhula. Wakampa Kataliko ovaroli, akaivaa juu ya suti. Kisha mwalimu huyo, ambaye kwa miaka alikuwa akilalamikia mgongo, alijipenyeza ndani ya mkia wa ndege, mahali ambapo magoti ya wazee yalikuwa yamekataa tangu zamani, akaanza kuutoa uchafu wa miaka. Vumbi lilitoka, viota vya ndege wa kweli vikatoka, soksi moja ikatoka ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Wazee walikuwa wakishangilia kila kitu kinachotoka. Kila Kataliko alipochungulia nje, alimwonyesha Murhula dole gumba, kana kwamba wako pamoja kwenye mtihani na majibu wanayo.

Wakati wa kahawa alisimama. Alivua ovaroli, akafunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo. Kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama rula, aliwashukuru kwa mapokezi. Akasema kwamba yeye ni baba mwenye familia, hana haraka, na utaratibu wa kungoja anaufahamu. Angeomba tu kujua ni mkubwa yupi anayeshughulika na mishahara, na shemeji yake amebakiza muda gani.

Murhula alitazama ndani ya kikombe chake. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alianza kuvifuta vioo vya miwani yake ambavyo havikuwa na uchafu.

"Mo," Delbert alisema polepole, "hukumwambia?"

Akamweleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, taratibu. Kataliko alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante. Akauliza kama kahawa imebaki, akamiminiwa, akainywa yote akiwa wima, kahawa ile, bila kukunja uso.

Njia nzima ya kurudi Kataliko alitazama nje ya dirisha, na Murhula hakupotea hata mara moja. Walipozima gari mbele ya nyumba, Kataliko hakushuka.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi."

Kataliko alitikisa kichwa. "Serikali yetu ilinidanganya, Murhula. Ilinidanganya mpaka nikazeeka. Mais haikunipigia simu kuniambia karibu."

Murhula alitaka kusema kwamba simu hakuipiga yeye, alipigiwa. Aliona hata hilo la kweli lingetoka na harufu mbaya, akaliacha.

"Utawaambia bote," Kataliko alisema. "Leo. Mi nikiwaambia, watasema nakuonea wivu."

*

Aliwaambia kwenye chakula, watoto wamekwisha kwenda chumba kingine na sahani zao. Alisema upesi upesi, kama mtu anayebandua plasta yenye nywele chini yake. Nzigire alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha sahanini.

"Bure?"

"Bure."

"Na Delbert?"

"Delbert analipa."

"Anamulipa nani?"

"Yee njo analipa. Juu ya kuingia."

Nzigire alilichunguza jibu hilo kama mchele wenye mawe. "Donc mi naosha bazee, bananilipa. We unaosha ndege, bure."

"Njo vile."

"Na wakati kanisa lote lilikuwekea mikono?"

"Nilisema amina."

"Nilikusikia!" Akapumua. "Bon. Hiyo ndege, mukimaliza kuiosha, itaenda wapi?"

Swali hilo Murhula hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa mwiko.

"Haiendi," alisema.

"Haiendi namna gani?"

"Inakaa pale. Batu banakuja, banaiangalia."

"Hairuki?"

"Mu injini hamuna kitu. Vya ndani vilitolewa zamani."

Kataliko, ambaye siku nzima alikuwa amejipenyeza ndani ya ndege hiyo kwa suti ya ndoa yake, alimgeukia shemeji yake taratibu. Hilo hata yeye alikuwa hajaambiwa.

Ndipo Veridiana, ambaye tangu afike hakuwa amesema zaidi ya asante, alitoa sauti. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, kiganja kinywani, mabega yakiruka. "Hairuki!" alisema. "Nimeacha kazi yangu ya hoteli, nimebeba friji, juu ya ndege hairuki!" Akacheka mpaka Nzigire naye akaanza, na Kataliko midomo ikamtetemeka. Murhula, kwa kuona neema imeshuka, akajitia na yeye. Hapo kicheko cha Veridiana kikageuka katikati ya njia, kikawa kilio chenyewe. Wote wakanyamaza, isipokuwa Murhula, aliyechelewa kidogo kufunga mdomo.

Nzigire alimshika wifi yake mkono. Kwa mumewe alisema bila kumtazama: "Siku ya kwanza unaenda ku Umurerwa."

"Si Umurerwa, mama. Nitamuomba mutu mungine."

"Umurerwa," alisema Nzigire.

*

Umurerwa alikuwa msimamizi wake kule Jeffersontown, binti aliyetoka Minembwe, kulekule Kivu, umri wa Aganze, mtoto wake wa kwanza, mwenye jicho la kuona tepu iliyokaa upande kutoka mwisho wa bohari. Miezi michache nyuma alikuwa amemrudishia Murhula boksi alifunge upya. Murhula, mbele ya laini nzima, alikuwa amemwambia: "Binti yangu, nifurahie sasa. Karibuni utanitafuta na darubini, nitakuwa huko juu."

Jumatatu, ndiyo siku ya kwanza aliyoambiwa, alimngoja amalize kuongea na dereva wa lori. Alivua kofia. Umurerwa alimwona, akasimama, akaweka viganja viwili machoni kama mtu anayetazama kilele cha mlima.

"Papa Aganze! Darubini niliiacha nyumbani, mais nakuona vizuri tu."

Laini ikacheka. Murhula akasubiri wamalize. Lilikuwa deni lake.

"Ndege imefika?"

"Imekawia, binti yangu."

"Pole. Tulikuwa tumeanza kukuchangia cha kukuaga."

"Nimekuja na ombi."

"Sema tu, hapa hatuna siri." Kweli hawakuwa na siri, hata mashine ya kufunga maboksi ilionekana kama imepunguza kelele isikie.

Akasema. Shemeji yake, kaka wa mke wake, ametoka Buffalo, ana watoto, hana kazi. Umurerwa aliuliza amepata wapi wazo la kuacha kazi huko. Murhula akamwambia, na hakujipunguzia: simu, karibu, suti, mkia wa ndege, injini zisizo na kitu. Aliona hapo katikati uso wa binti ukiacha mzaha kidogo kidogo, na hilo likamwaibisha kuliko darubini.

"Anajua kufunga boksi?"

"Alikuwa mwalimu."

"Sikuuliza alikuwa nani, mzee wangu."

"Atajifunza. Iko na mikono mizuri. Mi nimeiona."

Umurerwa alitazama laini yake, akatazama saa. "Katikati ya wiki naweza kumuweka. Mais na mi niko na shida yangu. Siku ya posho sina batu. Kila mutu iko na harusi, iko na kwaya, iko na mugongo. Ukubali siku ya posho zote, si moja, zote, mi namuingiza shemeji yako."

"Siku ya posho?"

"Uko na kazi ingine siku hiyo?"

Murhula aligeuza kofia mkononi. Aliona kile kiti chake hangani, na upande mzima wa kushoto wa tumbo la ndege ambao bado ulikuwa mweusi, ambao alikuwa ameupangia kiangazi chote.

"Apana," alisema. "Sina kazi ingine."

*

Kataliko alianza kazi wiki hiyo hiyo. Mwanzoni tepu yake ilikaa upande. Umurerwa akamrudishia maboksi mpaka yakanyooka kama Kiingereza chake. Veridiana alipata mashuka mengine ya kukunja, katika hoteli nyingine. Baadaye walipata nyumba si mbali, na friji, baada ya kushushwa na kupandishwa mara zote hizo, ilikubali kufanya kazi. Kwa Murhula, Kataliko alisema habari za asubuhi na habari za jioni. Katikati hakukuwa na kitu.

Jumamosi ya kwanza Kataliko aliomba gari kwa dada yake. Alisema si vizuri wale wazee wangoje mtu asiyekuja. Ataenda kuwaaga kwa niaba ya familia, ndio ustaarabu. Alirudi jioni, mikono ikinuka dawa ya kung'arishia bati, akapita moja kwa moja bafuni.

Jumamosi ya pili alisema alikuwa amesahau koti lake kule. Ya tatu hakutoa sababu. Nzigire alimkuta mlangoni na chakula kwenye kopo, amevaa ovaroli ya hangani.

"Kaka, na wewe?"

"Ule mukia," alisema Kataliko, akitazama viatu vyake. "Hawawezi kuufikia, bale bazee. Magoti."

Kornelia akapiga simu kutoka Reynoldsburg. Alikuwa amesikia Kataliko ameingia kwenye ndege, na kwamba Murhula wamemfukuza kwa kugonga ndege na kichwa. Je, ni kweli? Murhula alifikiria kuinyoosha habari hiyo. Akaona umbali wa kutoka Louisville hadi Columbus, akachoka kabla hajaanza. "Njo vile, shemeji," alisema. "Bamenifukuza. Utuombee."

Hata kule kanisani akina mama sasa walimwendea Kataliko na majina ya watoto wao wenye akili ya mashine. Kataliko aliwaambia kila mmoja, polepole, kimwalimu, kwamba ile kazi ni ya bure na ndege hairuki. Wakamsifu kwa kutojivuna.

Jumamosi moja ya joto, Murhula alikuwa kwenye laini, mashine ya tepu mkononi, bohari nusu tupu, simu ikalia mfukoni. Ikanyamaza, ikaanza tena. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Beau," alisema Kataliko. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ile. Sauti yake ilikuwa na mwangwi wa mahali palipofunikwa kwa bati. "Niko upande wa kushoto, chini ya tumbo. Ile nyeusi haitoki. Nimesugua tangu asubuhi. We ulikuwa unafanya namna gani?"

"Unasugua kwa kuzunguka?"

"Nazunguka."

"Njo kosa. Usizunguke. Fuata bati vile limelala, kutoka mbele kwenda nyuma, kama unachana nywele ya mutoto. Na dawa kidogo. Ukiweka nyingi inateleza, haikamati."

"Ngoja." Ukafuata mchakacho wa kitambaa, mrefu, taratibu. Murhula aliusikiliza kwa macho yaliyofumba nusu. Maboksi yalikuwa yameanza kurundikana mbele yake, na kule mwisho wa bohari Umurerwa alikuwa ameshageuza shingo.

"Aaah," Kataliko alisema taratibu. "Inatoka. Naiona."

"Unaona nini?"

"Pua yangu."

Umurerwa alikuwa anakuja, hatua za mtu asiye na mzaha. Murhula alisema lazima akate.

"Subiri, subiri. Delbert iko hapa, anauliza. Anasema kiti chako hakuna mutu amekikalia. Anauliza Mo anarudi lini?"

Murhula alivuta tepu, akaikata kwa meno.

"Mwambie nimepata kazi," alisema, akalifunga boksi.